Chuo Kisichomkataa Mtu

"Kwa furaha isiyo na kifani," lilisema tangazo lililobandikwa kwenye geti la Chuo cha Uuguzi na Ukunga, "Menejimenti inautaarifu umma kwamba, kwa mara ya kwanza tangu Chuo kianzishwe, mwaka huu hakuna mwombaji hata mmoja aliyekataliwa."

Vigelegele vilipigwa pale pale getini. Kina mama walikumbatiana na watu wasiowajua. Baba mmoja mwenye kitambi alirusha kofia yake juu kwa furaha, ikanasa kwenye nyaya za umeme, wala hakuiangalia tena.

Binti wa saluni hakushangilia. Alikuwa ameomba chuo hicho mara mbili na alishajifunza kusoma matangazo mpaka chini. Mwaka wa kwanza aliletewa barua ya pongezi, na wiki moja baadaye barua nyingine iliyomtaka airudishe ile ya kwanza ikiwa haijakunjwa. Mwaka wa pili aliandikiwa kwamba hakuchaguliwa na kwamba aripoti Jumatatu akiwa na shuka mbili na ndoo. Alikwenda na ndoo yake. Akaambiwa nusu ya barua iliyo sahihi ni ile ya juu. Kwa hiyo safari hii aliwapisha wenye vigelegele, akainama, akaisoma aya ya mwisho, iliyoandikwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

"Vilevile, hakuna aliyechaguliwa. Waombaji wote mia tatu na kumi na nane wamewekwa kwenye Orodha ya Kusubiri. Hongereni sana."

Alirudi saluni kwa shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita na ambaye wakati huo alikuwa katikati ya kichwa cha mteja.

"Haya, umeingia au hujaingia?" Shangazi aliuliza, kitana mdomoni.

"Sijakataliwa."

"Mimi nimekuuliza umeingia?"

"Niko kwenye orodha, Shangazi."

"Orodha ya walioingia?"

"Ya wanaosubiri."

"Mko wangapi?"

"Wote."

Mteja mwingine, aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, akachomoa kichwa chake. "Sasa kama wote mnasubiri, mnamsubiri nani?"

Binti alichukua ufagio, akaanza kufagia nywele sakafuni. Fomu ya maombi ilisema wazi: mwombaji asizidi miaka ishirini na miwili. Yeye alikuwa anatimiza ishirini na mitatu mwezi wa nne, siku ya Jumapili, tarehe kumi na nne. Asipoingia kabla ya hapo, ndoto yake ya ukunga ingekuwa imekwisha, na angebaki na kitana mkononi maisha yake yote. Saluni ilikuwa nzuri na Shangazi alikuwa mwema. Lakini tangu siku alipoona mtoto akizaliwa kwenye benchi la saluni hiyo hiyo, na mkunga akamfuta uso kwa taulo la wateja na kusema "karibu", binti hakutaka kazi nyingine duniani.

Wiki hiyo hiyo zikatoka Kanuni za Kusubiri, kurasa kumi na moja, zenye mihuri mitatu. Zilieleza kwamba Chuo hakiwezi kumsubirisha mtu asiyesubiri. Palihitajika ushahidi. Kifungu cha nne kiliagiza kila aliye kwenye orodha asubiri kwa vitendo, ndani ya Ukumbi wa Kusubiri, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri, Jumatatu mpaka Ijumaa. Atakayetoka ukumbini ndani ya saa hizo atahesabiwa kuwa amejiondoa mwenyewe. Ukumbi ulikuwa bwalo la chakula, ambalo halikuwa na kazi kwa kuwa Chuo hakikuwa na mtu wa kula.

"Yaani unakwenda kukaa?" Shangazi aliuliza.

"Kusubiri kwa vitendo."

"Huku vichwa vinakusubiri wewe?"

Hata hivyo alimfungia chakula na kumwambia asikae karibu na mlango, kuna upepo.

Asubuhi ya kwanza ukumbi ulijaa. Watu mia tatu na kumi na nane walikaa kwenye mabenchi marefu ya bwalo, wakitazama dirisha la kupakulia chakula, lililokuwa limefungwa. Palikuwa na kijana mmoja mrefu ambaye mtaani kwao walishaanza kumwita Dokta siku aliyochukua fomu, na majirani walikuwa wakimletea vikohozi vyao. "Nisipoingia chuo hiki nitahama mtaa," alimwambia binti. "Juzi mzee mmoja amenionyesha goti. Nimemwambia alipumzishe. Limepona! Sasa amewaambia wenzake."

Tatizo likajitokeza Ijumaa. Kila Ijumaa ofisi ilibandika orodha upya, na namba zilikuwa zimehama. Binti alikuwa wa tisa, akawa wa mia mbili na nne, akawa wa hamsini na saba. Dokta alikuwa wa tatu, kisha akatokea mara mbili, kisha hakutokea kabisa, kisha akawa wa tatu tena. Ofisi ilieleza kwamba namba huchanganywa ili kuzuia mazoea. Wasubiri wakaanza kupandwa na hasira, na hapo ndipo binti aliponunua daftari la kurasa mia mbili na kufanya kile ambacho kila aliyewahi kupanga foleni ndefu anakijua. Aliandika majina kwa mpangilio wa kufika, na kila siku saa mbili kamili alisimama juu ya benchi na kuita. Anayeitikia "nipo" anapigiwa alama ya vema. Asiyeitikia anakatwa, anaandikwa upya mwisho kabisa. Hakuna kujitetea, hakuna kubembeleza. Watu waliipenda sheria hiyo kuliko kitu chochote walichopewa na Chuo, kwa sababu waliielewa. Tangu siku hiyo binti akaitwa Daftari.

Idara ya Kusubiri, iliyokuwa chini ya ofisi ya udahili, haikupinga. Ilikuwa na nafasi ya karani wa mahudhurio, lakini walioiomba nafasi hiyo walikuwa bado kwenye orodha.

Mwezi wa kwanza ulipoisha, Daftari alipiga moyo konde akaenda kumwona Mkurugenzi wa Udahili. Alikwenda saa tisa na dakika moja, ili asivunje kifungu cha nne. Mkurugenzi alikuwa mtu mpole, msafi, mwenye tai iliyonyooka na meza isiyo na karatasi. Alikuwa hajawahi kukanyaga ukumbini, akiamini kwamba kuonekana kwake kungeamsha matumaini.

"Mheshimiwa, Chuo kina nafasi ngapi?"

"Mia tatu na ishirini."

"Na sisi tuko mia tatu na kumi na nane."

"Ndiyo maana ushindani ni mkali," alisema Mkurugenzi kwa huruma.

"Basi si tunatosha wote, na viti viwili vinabaki?"

"Binti yangu, wewe ni mwerevu, ila hujakaa kwenye kamati. Mtu aliye kwenye orodha ya kusubiri anaingia lini? Pale mwenye nafasi anapoiacha. Sasa nani ameacha?"

"Hakuna."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hakuna aliyepewa."

"Umeona! Unalielewa vizuri." Mkurugenzi alifurahi kwa dhati. "Nafasi iliyo wazi ni kitu kimoja, nafasi iliyoachwa ni kitu kingine. Kiti ambacho hakijakaliwa hakiwezi kuachwa. Tumelijadili vikao vitatu, tukaafikiana kwa kauli moja."

"Mngechagua hata wachache wa kuanzia."

"Mwaka juzi tulichagua, tukalaumiwa, tukawafuta wote. Mwaka jana tukakataa, tukalaumiwa vilevile. Mwaka huu umesikia lawama?"

"Watu wamechoka kusubiri, Mheshimiwa."

"Hiyo ni hisia. Nimekuuliza lawama rasmi."

Basi Daftari akamweleza habari ya umri wake, tarehe kumi na nne ya mwezi wa nne. Mkurugenzi alifungua kitabu chake cha kumbukumbu, akaiandika tarehe hiyo kwa mwandiko mzuri.

"Tutakutumia kadi," alisema.

Daftari alitoka mle machozi yakimlengalenga, akalia nyuma ya bwalo kwenye matanki ya maji, akilia kama mtu aliyefiwa. Hakuwa na hasira na Mkurugenzi hata kidogo. Ingekuwa rahisi zaidi kama yule mtu angekuwa mbaya.

Aliyemkuta pale ni Mwalimu wa Mifupa. Huyu alikuwa mwalimu wa anatomia, mzee mwembamba, na yeye alikuwa na shida zake. Chuo kilikuwa na walimu kumi na wanne waliokuwa wakiingia madarasani kila siku kufundisha viti. Mwisho wa wiki kila mmoja alitakiwa kujaza fomu ya vipindi, na fomu ilitaka sahihi ya mwakilishi wa wanafunzi. Bila sahihi, mwalimu alihesabiwa kuwa mtoro. Mwalimu wa Mifupa, ambaye hakuwahi kukosa kipindi kwa miaka thelathini, alikuwa tayari ameandikiwa barua nne za utoro.

"Wewe si ndiye unayeita majina?" alimuuliza. "Sahihi yako inasomeka?"

"Inasomeka, Mwalimu. Lakini sisi si wanafunzi. Kanuni zinakataza kutufundisha."

"Sitawafundisha. Nitazungumza. Kuna kanuni inayokataza mzee kuzungumza?"

Kesho yake aliingia ukumbini akisukuma kiti cha magurudumu, na juu yake amekaa mtu aliyefunikwa shuka. Aliivuta shuka. Ilikuwa mifupa mitupu ya mtu mzima, ya plastiki, miguu imepishanishwa kwa heshima. "Leo tutazungumza habari za nyonga," alisema, na ukumbi mzima ukanyanyuka kusogea mbele.

Baada ya wiki mbili walimu wote kumi na wanne walikuwa wakizungumza kwa zamu. Mwalimu wa dawa alizungumza. Mwalimu wa takwimu alizungumza mpaka watu wakasinzia, kama vile somo la kweli. Kila kipindi kilipokwisha, Daftari aliandika saa na mada, mwalimu akatia sahihi kwenye daftari, naye akamtilia sahihi kwenye fomu. Dirisha la kupakulia chakula lilifunguliwa, likawa ubao. Kwa ukunga walitumia mwanasesere wa kitambaa aliyeshonwa na Shangazi, ambaye alikuwa ameanza kuuliza maswali kila jioni na kuwasimulia wateja juu ya kondo la nyuma huku akiwasuka. Watu walicheka sana ukumbini. Daftari alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuijua, na kila akikumbuka tarehe, furaha ile ilimwuma.

Jumatano, siku nne kabla ya siku yake ya kuzaliwa, mlango wa ukumbi ulifunguliwa na Mkurugenzi akaingia kwa mara ya kwanza. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye tai. Bahati nzuri kilikuwa kipindi cha mapumziko, na mifupa ilikuwa imefunikwa shuka kwenye kona. Mkurugenzi aliisalimia kwa kichwa, akidhani ni mgonjwa.

"Ndugu wasubiri," alisema. "Saa nne hii anakuja Mkaguzi kutoka wizarani, kuhesabu wanafunzi. Menejimenti imeamua kuwapa heshima kubwa. Mtakuja kukaa madarasani kwa muda wa saa mbili. Mtakaa kwa adabu, mtashika kalamu, ila tafadhali msijifunze chochote, kwa kuwa hamjadahiliwa."

Macho yote yakamgeukia Daftari.

"Mheshimiwa," alisema Daftari, "tukitoka humu kabla ya saa tisa tutakuwa tumejiondoa. Kifungu cha nne."

"Nitawapa msamaha."

"Wa maandishi?"

"Wa maandishi unahitaji kikao."

"Basi kikae."

"Akidi haijatimia. Wajumbe wawili wako likizo, mmoja anasubiri kuthibitishwa." Mkurugenzi alifuta uso. "Jamani, si nimesema mimi mwenyewe?"

Daftari alifikiri juu ya siku nne zilizobaki. Mtu huyu alishawahi kumwandikia barua yenye nusu mbili. "Mimi sitoki," alisema.

"Tungependa sana kukusaidia, Mheshimiwa," Dokta aliongeza kwa unyenyekevu, "lakini kwa sasa tunasubiri."

Mkurugenzi alitoka mbio. Mkaguzi alikuwa ameshafika. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye viatu vya raba, na aliongozwa kutoka darasa hadi darasa akionyeshwa viti mia tatu na ishirini vikiwa bado kwenye mifuko yake ya nailoni. Aliambiwa wanafunzi wako kwenye mafunzo kwa vitendo. Aliuliza wapi. Aliambiwa mbali. Wakati huo huo, kutoka upande wa bwalo, ikasikika sauti ya mwanamume akipiga mayowe, na watu mia tatu wakipaza sauti kwa pamoja: "Sukuma! Sukuma! Pumua! Sukuma!"

"Kuna nini kule?" aliuliza Mkaguzi.

"Hakuna kitu. Ni ukumbi wa kusubiri."

"Wanasubiri kwa namna hiyo?" Mkaguzi alikuwa ameshaanza kutembea.

Alipofungua mlango alimkuta Dokta amelala juu ya meza ya bwalo, mto umefungwa tumboni, akilia kwa uchungu wa kweli kabisa, na Daftari ameinama miguuni kwake, mikono tayari, mwanasesere akichungulia kutoka chini ya shuka. Mwalimu wa Mifupa alikuwa pembeni na saa mkononi. Hakuna aliyemwona mgeni. Mkaguzi alivua mkoba begani, akasogea mpaka nyuma ya Daftari.

"Mkono wa kushoto uwe chini zaidi," alisema. Alikuwa amezalisha kwa miaka kumi na tisa kabla ya kuhamia wizarani. "Hapo. Usimvute. Mwache aje mwenyewe."

Daftari alishusha mkono. Mwanasesere akatoka, ukumbi ukalipuka kwa shangwe, Dokta akauliza ni mtoto gani. Ndipo Daftari alipogeuka, akamwona Mkaguzi, akamwona Mkurugenzi mlangoni amepauka.

"Nani anatunza mahudhurio?" aliuliza Mkaguzi.

Daftari alimkabidhi daftari. Mkaguzi alikaa kwenye benchi, akavaa miwani, akasoma ukurasa kwa ukurasa. Tarehe, saa, mada, sahihi ya mwalimu. Majina mia tatu na kumi na nane, alama za vema zimenyooka mistari kwa mistari, waliokatwa wamekatwa, walioandikwa upya wameandikwa upya. Alisoma dakika ishirini. Mkurugenzi alishindwa kuvumilia.

"Mheshimiwa Mkaguzi, hawa hawajadahiliwa!"

"Sheria inasema mwanafunzi ni mtu aliyeandikwa kwenye daftari la mahudhurio na kuhudhuria vipindi sitini mbele ya mwalimu anayetambuliwa. Hapa naona sitini na viwili. Aliyekatwa mara nyingi zaidi ana sitini kamili." Alifunua ukurasa mwingine. "Neno kudahiliwa sijaliona humo. Na lile jengo kubwa la mbele lina wanafunzi wangapi?"

"Kwa sasa... hakuna."

"Walimu?"

Mkurugenzi aliwatazama walimu kumi na wanne waliokuwa wamejipanga ukutani. "Wako huku."

"Daftari la mahudhurio?"

"Tuna orodha."

"Basi lile si chuo," alisema Mkaguzi, akiandika. "Ni jengo linaloomba kuwa chuo. Chuo ni hiki hapa. Kuanzia kesho chuo hiki kihamie kwenye vile viti. Wewe na idara yako mtawasilisha ombi la kutambuliwa, na wizara italifikiria." Aliinua macho ukutani, zilikobandikwa Kanuni za Kusubiri, akasoma kurasa zote kumi na moja bila haraka. "Hizi nani aliziandika? Zimepangiliwa vizuri sana. Zitumike."

Daftari hakuwa akisikiliza tena mambo ya Mkurugenzi. "Mama," alisema, na akasahau cheo, "mimi Jumapili natimiza ishirini na mitatu. Fomu inasema..."

"Fomu inamhusu mwombaji, mwanangu. Wewe ni mwanafunzi tangu siku ulipoandikwa humu." Mkaguzi alimrudishia daftari. "Umeandika mwenyewe hapa, ukurasa wa pili."

Daftari alikimbia njia nzima mpaka saluni, viatu mkononi, na alifika akihema hawezi kusema. Shangazi aliachia kichwa cha mteja.

"Umeingia?"

"Niliingia siku nyingi, Shangazi," alisema, akicheka huku machozi yakimshuka. "Nilikuwa sijui tu."

Kesho yake watu mia tatu na kumi na nane walivuka uwanja na kwenda kuchana mifuko ya nailoni. Ukumbini alibaki mtu mmoja. Daftari alimnunulia daftari jipya, akamwandikia jina lake juu ya ukurasa wa kwanza, namba moja, akamwonyesha benchi zuri lisilo na upepo. Kwa kuwa idara haikuwa na karani, Mkurugenzi alilazimika kuita mahudhurio mwenyewe. Kila siku saa mbili kamili alisimama, akasoma jina lake kwa sauti, akajibu "nipo", akajipigia alama ya vema, kisha akakaa kusubiri mpaka saa tisa.

Siku ya nane alichelewa dakika nne. Alifungua daftari, akatazama saa, akaona kwamba jina lilipopaswa kuitwa mhusika hakuwepo. Alijaribu kujieleza habari za mvua na foleni ya magari, akajikatalia. Alichukua rula, akalikata jina lake kwa mstari ulionyooka, akajiandika upya mwisho kabisa wa orodha, namba mbili, nyuma ya yule aliyekatwa.